Kumnyima mkono mpinzani kwa sababu ya siasa: ni msimamo au ni ubaguzi wa rangi?

Kipenga cha Pili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mjadala kwenye michezo ambao kila ukianza unaishia kwenye matusi kabla haujafika popote. Mwanamichezo anagoma kumpa mkono mpinzani wake kwa sababu ya vita au siasa za nchi ya yule mpinzani. Papo hapo upande wa pili unapiga kelele kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Leo naomba tuukalie kitako.

Nianze na mechi ya kikapu. Tarehe 8 Februari 2024 timu ya taifa ya wanawake ya Ayalandi ilicheza na Israel mjini Riga, Latvia, kuwania kufuzu EuroBasket ya 2025. Kabla ya mechi, mchezaji mmoja wa Israel alihojiwa na watu wa shirikisho lake mwenyewe, akasema Waayalandi wanajulikana kwa kuwachukia Wayahudi. Shirikisho la Ayalandi likawaka, likasema huo ni uchochezi na si kweli hata kidogo. Siku ya mechi mabinti wa Ayalandi hawakwenda kujipanga katikati ya uwanja. Wimbo wa taifa waliusimamia kwenye benchi lao, hakuna kushikana mikono, hakuna kubadilishana zawadi. Mpira ukarushwa, wakacheza, wakachapwa 87 kwa 57, kila timu ikashika njia yake.

Hapo fundo likakaza. Watu wengi duniani waliona ule ni mgomo wa Gaza. Kwa maelezo ya shirikisho la Ayalandi, wachezaji walikuwa wanajibu kuitwa wabaguzi. Na wako waliosema: mnaona? Wamekataa kutoa mkono, basi lile neno lilikuwa la kweli. Yaani tuhuma ya ubaguzi imezaa mgomo, na mgomo umegeuzwa ushahidi wa tuhuma.

Mimi kipimo changu ni swali moja tu: yule anayenyimwa mkono, afanye nini ili apewe? Kama jibu lipo, hiyo ni siasa. Inaweza kuwa siasa kali, inaweza kumwonea asiye na hatia, lakini ni siasa. Kama hakuna analoweza kufanya, hata ahame bendera, hata ailaani vita hadharani, kwa sababu kosa lake ni wazazi waliomzaa, hapo tusitafutiane maneno matamu. Ni ubaguzi.

Waukraine wananisaidia kueleza. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon ya 2022 yaliwafungia nje wachezaji wa Urusi na Belarus. Bingwa wa wanawake mwaka huo akawa nani? Elena Rybakina, mzaliwa wa Moscow, aliyehamia Kazakhstan mwaka 2018. Kama mlango ungekuwa umefungwa kwa damu, asingekanyaga zile nyasi. Mwaka 2024 alikutana na Elina Svitolina wa Ukraine robo fainali pale pale Wimbledon, mechi ikaisha, wakashikana mikono kama watu wengine. Damu ni ile ile ya Moscow.

Mfano mwingine ni Daria Kasatkina. Huyu alikuwa bado anahesabika Mrusi alipoipinga vita hadharani mwaka 2022, jambo linaloweza kumgharimu mtu kwao. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Ufaransa ya Roland Garros, Svitolina akamfunga. Mkono hakumpa, kwa sababu Waukraine walikuwa wameamua hawampi Mrusi yeyote mkono, lakini alimwonyesha dole gumba, na mwenzake akarudisha. Linganisha na Marta Kostyuk na Aryna Sabalenka wa Belarus kwenye mashindano yale yale: Kostyuk alikusanya vitu vyake na kumpita, uwanja mzima ukamzomea. Nadhani zile ishara mbili zinasema mambo mawili tofauti.

Sasa nenda Rio 2016. Islam El Shehaby, mcheza judo wa Misri, anapigwa na Or Sasson wa Israel. Sasson anamfuata na mkono ulionyooshwa, El Shehaby anarudi nyuma na kutikisa kichwa. Akarudishwa kwao. Ubaguzi? Kwa kipimo changu nitauliza: angemkatalia Myahudi anayevaa jezi ya Ufaransa? Na angempa mkono Bibras Natcho, Mwislamu wa kabila la Wacherkesi aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya soka ya Israel? Anayemkatalia Natcho na kumpokea Myahudi wa Ufaransa anapinga dola. Anayefanya kinyume chake, tunajua anapinga nini.

Nawasilisha. Matusi tuyaache nje.

Mzee wa Dimba

Umeandika marefu mkuu. Michezo ichezwe, siasa waachiwe wanasiasa. Ukishavaa jezi mpe mwenzio mkono, cheza, nenda nyumbani kwako. Mengine yote ni kutafuta kiki. Na hao wanaogoma wakipigwa faini wanalia.

Shangazi wa Ilala

Mzee wa Dimba, unasema hivyo ukiwa Mtanzania? Sisi ndio tuliokuwa mstari wa mbele kususia Olimpiki ya Montreal 1976.

Vijana wengi humu hawaijui hadithi hii sawasawa, wanadhani tuliisusia Afrika Kusini. Afrika Kusini haikuwepo. Ilishakosa mwaliko wa Tokyo 1964, na mwaka 1970 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ikaifukuza kabisa. Tuliyemsusia ni New Zealand. Timu yao ya raga, All Blacks, ilikwenda kucheza Afrika Kusini mwezi Juni 1976, siku chache baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto. Afrika ikasema: New Zealand watoke Olimpiki la sivyo tunatoka sisi. IOC ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hilo haliwahusu. Nchi zaidi ya ishirini zikafungasha mizigo. Misri, Cameroon, Tunisia na Morocco zilikuwa zimeshaanza kushindana, nazo zikaondoka. Senegal na Ivory Coast zikabaki.

Sasa fikirieni mtu mmoja: mkimbiaji wetu Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch, mbio za mita 1,500 kwenye mashindano ya Jumuiya ya Madola, nyumbani kwa hao hao New Zealand. Bayi akaondoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaacha. John Walker wa New Zealand akamkimbiza mwishoni watu wamesimama vitini. Bayi 3:32.16, Walker 3:32.52, wote wawili chini ya rekodi ya dunia iliyokuwepo. Mwaka 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili, miezi mitatu baadaye Walker akaichukua. Dunia nzima ilikuwa inasubiri Montreal. Montreal Walker akashinda kwa 3:39.17, mbio za kutegeana. Wapo wanaokumbusha kwamba Bayi alikuwa ametoka kuugua malaria, kwa hiyo huenda asingeshinda. Sawa. Lakini hata kujaribu hakujaribu.

Mleta uzi, naleta swali lako hapa. Walker alikuwa na kosa gani? Hakucheza raga, hakwenda Johannesburg. Tulimsusia kwa pasipoti yake tu. Nani leo anathubutu kusema Nyerere alikuwa mbaguzi wa rangi dhidi ya Wanyuzilandi?

Na ubaguzi wenyewe uliokuwa ukipingwa ulikuwa na sura ya wazi kabisa. Mwaka 1960 All Blacks walikwenda Afrika Kusini bila mchezaji hata mmoja wa Kimaori, kwa kuwa wenyeji hawakuwataka. Mwaka 1970 Wamaori watatu na Bryan Williams mwenye asili ya Samoa wakakubaliwa kuingia kwa cheo cha "Wazungu wa heshima". Someni tena hiyo. Mtu anapewa uzungu wa muda ili aruhusiwe kukimbia na mpira.

Mzee wa Dimba, kama michezo ingeachwa ichezwe tu, hayo yangeendelea mpaka leo.

Mwana wa Uasin Gishu

Shangazi shikamoo. Naongea kutoka upande wa Kenya na roho inauma kidogo.

Henry Rono mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakuna mtu amewahi kufanya hivyo tena. Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja. 1976 tulisusia pamoja nanyi, sawa, hiyo naelewa. 1980 tukasusia Moscow kwa sababu Wasovieti waliivamia Afghanistan, kwa kuifuata Marekani, na hiyo mpaka leo sijaelewa ilituhusu nini. Nyinyi mlienda, Bayi akapata fedha ya viunzi na maji, Nyambui fedha ya mita 5,000. Rono alikufa Februari 2024, wiki moja baada ya hiyo mechi ya Ayalandi na Israel.

Ninachosema ni hiki: mnaongea sana juu ya anayenyimwa mkono. Anayegoma naye analipa, na mara nyingi si yeye aliyeamua. Rono hakuulizwa.

Shangazi wa Ilala

Marahaba mwanangu. Na unajua nani alitumwa kutushawishi tususie Moscow? Muhammad Ali. Rais Carter alimtuma Afrika mwaka 1980, akaanzia Dar es Salaam. Nyerere akakataa kumwona. Waandishi wakamuuliza Ali kwa nini Afrika iiunge mkono Marekani sasa wakati Marekani haikuunga mkono mgomo wa 1976, naye akakiri kwamba hakuwa ameelezwa habari hiyo. Kwenu Nairobi alikuta mlango wazi.

Jicho la Tatu

Wakuu mnazunguka. Tatizo haliko kwenye nani mbaguzi. Tatizo ni nani ana mamlaka ya kugawa hilo neno.

Hesabu pamoja nami. Fethi Nourine wa Algeria, judo kilo 73, Tokyo, Julai 2021. Alipoona kwenye ratiba kwamba akishinda ya kwanza atakutana na Tohar Butbul wa Israel, akajiondoa, akasema ni kwa ajili ya Palestina. Shirikisho la dunia la judo likamfungia miaka kumi, yeye na kocha wake. Kumi! Mchezaji wa judo ana miaka kumi mingapi maishani?

Sasa Olga Kharlan wa Ukraine. Milan, 27 Julai 2023, mashindano ya dunia ya vitara. Anamshinda Anna Smirnova wa Urusi 15 kwa 7. Kanuni ya wakati huo inasema lazima mshikane mikono. Kharlan ananyoosha kitara chake wagonganishe ncha, kama ilivyokuwa ikifanyika enzi za korona. Smirnova anakataa, anabaki pale pale kwenye ulingo, analetewa kiti, anakaa zaidi ya nusu saa akipinga. Kharlan anatolewa kwa kadi nyeusi. Mpaka hapo haki sawa. Halafu? Thomas Bach, rais wa IOC wakati huo, anamwandikia barua: usijali, nafasi yako Paris ipo. Shirikisho likalegeza na kanuni yenyewe ya mkono. Paris 2024 Kharlan akaondoka na shaba ya mmoja mmoja na dhahabu ya timu.

Mmoja kifungo, mwingine barua ya rais. Na Mleta uzi, hicho kipimo chako cha "afanye nini apewe mkono" kina tundu. Smirnova alikuwa anashindana bila bendera na bila wimbo wa taifa, mkono hakupewa. Kasatkina akailaani vita kwa kinywa chake, mkono hakupewa, kaambulia dole gumba. Sasa hao walibakiza kufanya nini? Kwa kipimo chako mwenyewe, Svitolina ni mbaguzi. Ungekuwa na ujasiri wa kuandika hivyo kama angekuwa Mwarabu?

Kipenga cha Pili

Jicho la Tatu, kuhusu Nourine na Kharlan nakubaliana nawe kwamba adhabu zimepimwa kwa mizani mbili, ingawa kesi zenyewe si pacha. Kharlan aliingia ulingoni akapigana. Nourine hakuingia. Kwa kawaida mashirikisho yanaadhibu zaidi kutoingia, kwa sababu mgomo wa aina hiyo ukiachwa ratiba yote inavurugika. Pacha halisi wa Kharlan ni El Shehaby: wote walicheza, wote walikataa mkono. Mmoja alikemewa vikali na kurudishwa kwao, mwingine akabembelezwa. Hapo sina cha kuitetea IOC.

Ila kuhusu kipimo nashika pale pale. Kutokuwa na bendera kifuani si kusema neno. Smirnova alipewa hadhi hiyo na waandaaji, hakuichagua kama msimamo. Na kwa Kasatkina, lile dole gumba ndilo jibu lenyewe. Svitolina ana watu nyumbani walio chini ya mabomu ambao wangeuona mkono ule kwenye televisheni bila maelezo yoyote. Akatafuta njia ya kusema "wewe nakuona" bila kuvunja ahadi yake kwao. Mbaguzi hajisumbui hivyo. Mbaguzi hana haja ya kumtofautisha Mrusi na Mrusi, kwake wote ni mzigo mmoja.

Na kuna jambo ambalo wote tumelikwepa: anayeamriwa. Saeid Mollaei wa Iran alikuwa bingwa wa dunia wa judo. Mwaka 2019 Tokyo aliamriwa na wakubwa wa kwao apoteze kwa makusudi asije akakutana na Sagi Muki wa Israel. Simu zinapigwa akiwa pale pale ukumbini. Alipoteza nusu fainali, hakurudi tena Iran, akaja kushinda fedha ya Olimpiki akiwa na jezi ya Mongolia. Kama tukisema "Wairani wanagoma", Mollaei tunamweka wapi? Mgomo ulioamriwa na serikali si maandamano ya mwanamichezo. Ni maandamano ya serikali kwa kutumia mwili wa mtu mwingine.

Mzee wa Dimba

Mollaei ndiye mwanamume. Hao wengine wote waendelee na vidole gumba vyao.

Wakili wa Zamu

Naomba niingize sheria kidogo, maana hili neno "ubaguzi wa rangi" mnalitumia kama lina maana moja kila mahali.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1965 wa kutokomeza ubaguzi wa rangi unataja mambo matano: mbari ("race" kwa Kiingereza), rangi ya ngozi, nasaba, asili ya kitaifa na asili ya kikabila. Uraia haumo. Suala hili limefika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Juni 2017 Falme za Kiarabu zilivunja uhusiano na Qatar, zikawapa raia wa Qatar siku 14 waondoke. Qatar ikashtaki, ikasema huo ni ubaguzi wa rangi. Tarehe 4 Februari 2021 mahakama ikasema haina mamlaka, kwa sababu asili ya kitaifa ni kitu unachozaliwa nacho, wakati uraia unaweza kuupata na kuuacha. Rybakina wa Mleta uzi anaingia humo humo.

Lakini msishangilie mapema. Vuka uende Uingereza: sheria yao ya usawa ya 2010 inahesabu uraia kuwa sehemu ya mbari. Kwa hiyo kitendo kimoja, dhidi ya mtu yule yule, kinaweza kisiwe ubaguzi wa rangi The Hague na kikawa London. Huenda ndiyo maana Wimbledon walipowafungia Warusi walijificha nyuma ya mwongozo wa serikali yao.

Na ndani ya uwanja, angalieni kilichotokea Abu Dhabi, Januari 2019, nusu fainali ya Kombe la Asia. Qatar inacheza na wenyeji wake wakati mgogoro ule umepamba moto. Mashabiki wa Qatar hawakuweza hata kuingia nchini. Wimbo wao wa taifa ukazomewa. Mabao yalipoanza kuingia, viatu na chupa vikarushwa kwa wachezaji. Qatar wakashinda 4-0. Hadi hapo, mtu wa siasa atasema ni hasira dhidi ya dola. Baada ya mechi chama cha soka cha Falme za Kiarabu kikakata rufaa, si kwa sababu ya bao lolote, ila kwa kuhoji kama Almoez Ali, mzaliwa wa Sudan, na Bassam Al-Rawi, mzaliwa wa Iraq, ni Waqatari wa kutosha. Rufaa ikatupwa. Lakini oneni safari yenyewe: ilianza na bendera, ikaishia kuulizana nani kazaliwa wapi.

Bukavu Kwetu

Ndugu zangu, nimesoma yote na nashukuru. Nawaandikia kutoka mahali ambapo huu si mjadala wa televisheni.

Siku moja kabla ya hiyo mechi yenu ya Riga, tarehe 7 Februari 2024, timu yetu ya Kongo ilicheza nusu fainali ya AFCON na Ivory Coast. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wakafunika midomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakaweka vidole kichwani kama bastola. Hata kocha, Mfaransa, alifanya hivyo. Walikuwa wanasema: watu wanauawa mashariki na dunia imenyamaza. Tulifungwa 1-0, lakini huku watu walilia kwa ile ishara kuliko kwa bao. Ivory Coast haikuwa na ugomvi nasi, kwa hiyo hakuna aliyesema ni ubaguzi.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2025, waasi wa M23 wakaingia Goma, Februari wakaingia hapa kwetu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba jeshi la Rwanda liko nyuma yao, Kigali inakana. Waziri wetu wa mambo ya nje akaziandikia Arsenal, Bayern na PSG waache mikataba yao ya kuitangaza Rwanda. Mimi naunga mkono barua hiyo kwa mikono miwili. Hiyo ni siasa safi, inaelekezwa kwa serikali na kwa hela.

Sasa chukua kipimo cha Mleta uzi ukilete huku mtaani. Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu Kusini, ni Mkongomani. Babu yake amezikwa Kivu Kusini. Pasipoti ya Rwanda hana. Anaongea Kinyarwanda cha kwao na ana sura ambayo watu wanadhani wanaijua. Mwaka 1998 mjini Kinshasa watu waliwindwa kwa sura hiyo, hakuna aliyeulizwa pasipoti. Mtu wa namna hiyo akivaa jezi ya Leopards, timu yetu ya taifa, leo, nani atamwimbia? Akikosa penalti je? Afanye nini apewe mkono? Bendera anayo tayari, ni ile ile yangu. Kulaani vita amelaani. Bado ataambiwa "rudi kwenu".

Kwa hiyo mimi nakubali kwamba kumnyima mkono Mnyarwanda kwa ajili ya vita si ubaguzi wa rangi. Ninachoogopa ni jukwaani. Mchezaji pale uwanjani anafanya ishara yake kwa bendera, na shabiki wa jukwaa la nyuma anaipokea kwa damu, kisha anatoka nayo mtaani. Yule mchezaji hajabagua mtu. Je, hahusiki kabisa?

Jicho la Tatu

Bukavu, pole sana kaka. Lakini ukienda kwa njia hiyo hakuna mnyonge atakayegoma tena. Kila mara ataambiwa "shabiki wako atakuelewa vibaya". Wazungu wa Afrika Kusini nao walisema migomo inawachochea watu weusi wawachukie.

Shangazi wa Ilala

Jicho la Tatu, ngoja kwanza. Walisema, ndiyo. Ila migomo ile ilikuwa na kitu ambacho nyingi za leo hazina: ilikuwa na masharti. Ukiacha kucheza na makaburu, mgomo umeisha. Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Madola zikakubaliana Gleneagles, Scotland, kuzuia uhusiano wa michezo na Afrika Kusini, na mwaka 1978 tukaenda Edmonton, Canada, kushindana na New Zealand hao hao. Walker hakuombwa akane uzawa wake. New Zealand walipowaleta Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, mwaka 1981, wananchi wao wenyewe walivamia uwanja wa Hamilton mechi ikafutwa, na kule Auckland ndege ndogo ikawadondoshea mifuko ya unga wakiwa wanacheza. Wazungu wakiwapinga Wazungu wenzao.

Bukavu ameuliza swali zito na mnalipita. Mgoma akijua jukwaa lake lina watu wanaosikia "kabila" kila anaposema "serikali", ana kazi ya ziada ya kusema wazi anamsusa nani na mpaka lini. Wachezaji wa Ayalandi walijua mapema kwamba wameitwa wenye chuki na Wayahudi. Kwenye taarifa ya shirikisho lao walieleza kwamba wanafanya hivyo kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu yao. Sawa, angalau walisema sababu. Wengi hawasemi hata hiyo.

Mwana wa Uasin Gishu

Shangazi, Edmonton nakumbuka kwa sababu Rono alishinda dhahabu mbili huko. Nigeria ndio waliobaki nyumbani.

Swali kwa Bukavu: mkipangwa na Rwanda kesho, wewe ni nahodha, unafanya nini?

Bukavu Kwetu

Nampa mkono mchezaji mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Wimbo wao ukipigwa nasimama kimya. Wetu ukipigwa nafunika mdomo kama mwaka 2024. Na kitambaa cha nahodha siku hiyo namvalisha Mnyamulenge, kama kocha amemwita. Kama hajamwita, hilo ndilo swali nitakalomuuliza waandishi wakiwepo.